Pumzi na Njia ya Chooni

Mnasihi wa hospitali alikuwa msichana mpole, na upole wake ulinikera. Aliniambia nikae wima, nifumbe macho, nifuate pumzi ikiingia na kutoka. Maumivu yakija niyatazame tu, bila kuyalaumu wala kujilaumu. Vidonge nisiache, alisisitiza. Haya ya pumzi ni ya kunisaidia kuubeba ugonjwa. Utumbo wangu mpana una vidonda vinavyotulia na kurudi. Vikichachamaa, naenda chooni mara kumi kwa siku, na damu juu. Niyatazame! Nilitamani kumwambia aje kwetu Genkuru atazame choo.

Kwetu Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawachangii choo. Hata akiniona tu nikielekea huko ni aibu kubwa. Ndiyo maana pale nyumbani palikuwa na vyoo viwili. Chetu kilititia masika ya mwaka juzi, kikabaki cha wazee. Mume wangu akasema nitumie hicho kwa muda, mradi baba asinione.

Muda gani huo usiokwisha? Mwanaume huyu ni mchimbaji. Anashinda Nyamongo akichimba mashimo ya dhahabu ya watu, na nyumbani ameshindwa kuchimba moja la mkewe. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Sawa, lakini hapa anayeumia si kinyozi. Kila nikimkumbusha, jibu ni lilelile: wiki ijayo.

Zoezi nililifanya kwa hasira, nyuma ya ghala la mahindi, nikikusudia kurudi kumwambia mnasihi kwamba halifai. Asubuhi moja tumbo lilikuwa limetulia kabisa. Mara mzee akakohoa, akaburuta kiti chake uani, pale njia ya choo inapoanzia. Palepale tumbo likajikunja. Sikuwa nimekula kitu. Nikaendelea kulitazama kama nilivyofundishwa, na kilichonibana wakati ule kilikuwa woga. Nimejinyima maharage, maziwa, pilipili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza naogopa nini. Nikalia kwa uchungu. Ugonjwa nimeukubali. Woga huu nilipewa na mtu mwenye mikono mizima.

Nikachukua sululu ya mume wangu, ile anayoilinda kuliko ng'ombe, nikaanza kuchimba nyuma ya nyumba. Mwanamke kuchimba choo mchana kweupe! Majirani walisimama kutazama. Nikichoka nakaa ukingoni, navuta pumzi, naendelea. Mume wangu aliporudi jioni, shimo lilikuwa limenifika magotini.

"Unanitia aibu. Watu watasema nini?"

"Watasema mchimbaji hana choo."

Alivua shati akaingia.

Kesho yake, yeye akiwa bado anachimba, mama mkwe alikuja. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mzee amenituma. Anauliza kitakwisha lini."

Nikawaka. "Mwambie amwulize mwanawe, mama! Au hata shimo langu linamkera?"

"Usikasirike. Tangu uanze kuingia kile cha kwetu, yeye hajakikanyaga. Anasema hawezi kuingia anapoingia mkwe. Anakwenda vichakani, na magoti yake yale. Alinikataza nisikwambie, usije ukaona haya." Akashusha sauti. "Juzi alianguka huko. Nilimkuta hawezi kuinuka."

Mume wangu alikuwa shimoni, na alisikia kila neno.