Fulbeki wa Alasiri Moja

Akiulizwa mtu, nawaomba mniunge mkono: niliwahi kuwa mchezaji wa raga wa kulipwa. Nilianza baada ya swala ya alasiri na nikastaafu kabla ya magharibi, siku hiyo hiyo, kule Jeddah. Malipo yalikuwa sahani ya wali na nusu kuku, na nilikula nimesimama.

Kazi yangu hasa ni udereva wa nyumbani, Riyadh. Nampeleka madam madukani, nawapeleka watoto shule, namngoja baba mwenye nyumba nje ya maofisi mpaka kiti cha gari kimeshika umbo langu. Kwenye ikama yangu, kadi ya ukaazi, imeandikwa hivyo hivyo, dereva wa nyumbani. Mimi nikaingiwa na hamu ya kijinga ya kuona kadi ile imeandikwa mchezaji. Nilishafanya hata mazoezi ya kuitoa mfukoni. Polisi wa barabarani angeisoma, angenitazama, angeuliza, "Wewe mchezaji?" Nami ningeinamisha macho kwa unyenyekevu, kama wanavyofanya watu maarufu. Nilijizoeza mbele ya kioo cha gari, na jirani yetu akanikuta.

Raga niliicheza shuleni, magharibi mwa Kenya, na ndilo somo pekee nililofaulu kabla shule na mimi hatujaachana kidato cha pili. Huku aliyenirudisha uwanjani ni Mkenya mwenzangu, askari wa geti, mwenye mwili kama friji ya dukani. Tulikutana sokoni Batha, wote tukiulizia viatu vya bei ya chini. Saizi yake haikuwepo duka zima.

"Wewe una miguu ya mbio," akaniambia kabla hata ya salamu kwisha. "Kuja Ijumaa. Tumekosa fulbeki."

"Wa kwanza alienda wapi?"

"Alivunjika mkono. Lakini usijali, ni ule wa kushoto."

Nikaenda. Kumbe hii ilikuwa raga ya watu kumi na tatu, si ile ya kumi na tano ya shuleni. Timu yenye mpira ikiangushwa mara sita, inaupoteza. Kila anayeangushwa anasimama, anauweka mpira chini, anausukuma nyuma kwa mguu, mwenzake anauokota, mbio zinaendelea. Fulbeki anasimama nyuma peke yake. Anadaka mipira inayopigwa juu mawinguni, na mtu akiwapenya wenzake kumi na wawili, yeye ndiye mlango wa mwisho. Tena ndiye anayeona uwanja wote, kwa hiyo anatakiwa kuwapigia wenzake kelele wajipange.

Kwenye kelele ndipo nilipoanza kuchekwa. Kocha wetu, Mwaustralia anayefundisha shule moja pale mjini, alisimamisha mazoezi akaja mpaka nyuma nilipo.

"Unawaambia nini?"

"Nawaomba wasogee kushoto kidogo, wakipenda."

"Unawaomba?"

"Bosi, wengine ni wakubwa kwangu."

Hilo tulilirekebisha. Lililokataa kurekebishika ni pole. Mama yangu alinilea hivi: mtu akianguka mbele yako, unampa pole, unamwinua, unampangusa vumbi. Hakusema kwamba kama wewe ndiye uliyemwangusha mambo yanabadilika. Kwa hiyo kila nilipomwangusha mtu nilimwambia pole na kumpa mkono. Kocha alishika kichwa. Alinieleza kwamba ukishamwangusha mtu, unamlalia kidogo, unainuka polepole kama mzee mwenye mgongo, ili wenzako wapate muda wa kurudi nyuma na kujipanga. Ukimwinua upesi, umewafanyia kazi adui zako.

"Mwangushe, mlalie, msahau," akaniambia. Nilikuwa nayakariri maneno hayo nikingoja taa za barabarani.

Baada ya miezi kadhaa kocha akaniletea habari. Jeddah kuna bosi mwenye karakana kubwa na timu yake mwenyewe. Anatafuta fulbeki mmoja, na akimpenda atahamisha ikama yake kutoka kwa kafili wake wa sasa, yaani mwajiri anayemdhamini, aje awe mchezaji kabisa, kwa maandishi. Ijumaa fulani wangegawanyika pande mbili wacheze mechi ya majaribio. Na Ijumaa hiyo, nadhani Mungu naye alitaka kucheka, familia yetu ilikuwa inakwenda Jeddah kwa mama yake madam, mtaa wa Al-Rawdah. Dereva ni nani? Ni mimi.

Nilimwambia baba kila kitu, mikono nyuma. Akafikiri, akasema wakinitaka hatanizuia. Madam yeye aliuliza swali moja.

"Ukivunjika, nani atanirudisha Riyadh?"

"Sivunjiki, madam."

"Yalla. Magharibi uwe umerudi."

Joto la Jeddah si kama la Riyadh. La Riyadh linakukausha, la Jeddah linakulamba. Mpira ulikuwa unateleza kama sabuni, lakini siku ile nilikuwa na gundi mikononi. Walipiga wa kwanza juu nikadaka. Wa pili nikadaka nikarudi nao mbio mpaka katikati ya uwanja. Bosi mwenye timu, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na glasi ya chai, akaiweka chai chini. Nikaangusha mtu, nikamlalia, nikanyamaza. Nikaangusha mwingine. Pole ilinifika mpaka kwenye meno, nikaimeza. Nilijiona mkatili, na nilipendeza sana machoni pangu.

Zikabaki dakika chache, tukiongoza kwa pointi mbili. Wao walikuwa na winga mmoja mwembamba, mechi nzima akiongea Kiarabu cha Jeddah, nami nikamhesabu kuwa Mwarabu. Akawapenya wote kumi na wawili. Nikabaki mimi na yeye na mstari nyuma yangu. Nikamfuata miguu, nikamzoa, akaanguka kwa mgongo.

"Yarabi! Mama wee, kiuno changu!"

Kiswahili! Tena kile laini cha Unguja. Baadaye ndipo nilipojua kwamba babu na bibi yake walitoka huko, na yeye amezaliwa papo hapo Jeddah. Lakini wakati ule sikuuliza ukoo. Nilisikia mtu anamwita mama kwa lugha ya mama yangu.

"Pole, ndugu yangu! Pole sana! Umeumia wapi?"

Nikamshika kwapani, nikamsimamisha, nikaanza kumpangusa mgongo.

"Ahsante, kaka," akaniambia kwa adabu zote, akauweka mpira chini, akausukuma nyuma kwa mguu. Mwenzake akauokota akapita pale ambapo fulbeki angekuwa amesimama. Fulbeki alikuwa anapangusa. Wenzangu walikuwa bado wanarudi wanahema, na yule bwana akaufikisha mpira mstarini akitembea.

Firimbi ilipolia, tukiwa tumeshindwa, winga alinijia akichechemea kidogo.

"Kaka, wewe umelelewa vizuri mno. Lakini si ungengoja mechi iishe?"

Bosi akaniita kwa kidole. "Unadaka vizuri. Unakimbia vizuri. Ila nyuma pale nataka mlinzi, sitaki muuguzi. Halas, basi." Halafu akanitazama usoni, nafikiri aliona kitu, akalainika. "Siku za mechi nahitaji mtu wa kubeba sanduku la dawa na maji. Ikama yako nitaihamisha vilevile. Tutaandika mhudumu."

Neno ndiyo lilikuwa tayari kinywani. Kisha nikajiona nimesimama kando na chupa za maji, nikimtazama mtu mwingine akidaka mipira yangu.

"Hapana, bosi. Mimi ni fulbeki."

Akacheka, si kwa ubaya, akaagiza niletewe wali.

Kwenye gari nililia kidogo, kiasi cha robo kikombe, nikapangusa usukani kwa sababu ni wa baba. Simu ikalia. Ni yule rafiki yangu wa geti.

"Eeh, mtu wa Jeddah! Tukuage?"

"Bado mimi ni wa Riyadh."

"Kwani kulienda aje? Ulikosa kudaka?"

"Nilidaka yote. Lakini kuna mtu nilimwinua."

Kisha kicheko kikaanza mbali, kikaja karibu, kikavunjika, nikasikia anawaeleza watu wengine walioko getini, nao wakaanza upya. Nilingoja. Walipochoka, akarudi kwenye simu akivuta kamasi.

"Lakini huyo mtu, aliumia?"

"Hapana. Kiuno tu. Alitembea."

"Haya, afadhali," akasema. "Ijumaa ijayo saa kumi. Na usichelewe, hatuna fulbeki mwingine."