Picha ya Kutangulia Sanduku

Huo ndio mwaka tulikula ugali na strungi, chai isiyo na maziwa. Huko mashambani maziwa yalimwagwa mtaroni kwa sababu ya fujo za kura barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe, na sisi hapa Nakuru tunachemsha majani ya chai na maji matupu. Sukuma yangu nyuma ya nyumba tuliichuma mpaka ikabaki vijiti. Muulize mtu wa hapa ni mwaka gani, hatakutajia kura. Atakutajia alichokula.

Mwanangu wa mwisho alikuwa akipasua mbao Elburgon. Aliuawa kwenye kizuizi cha mawe akijaribu kurudi kwangu. Mtu wa mochari alinishika mkono akaniambia, "Mathe, usiangalie. Na siku ya mazishi hilo sanduku lisifunguliwe." Niliangalia. Alikuwa amesema ukweli.

Sasa, kwetu sanduku halitembei peke yake. Mbele yake huenda mtoto wa nyumba hiyo amebeba picha ya marehemu kwenye fremu, na watu wakishaona uso ndio wanalia. Kama sanduku halifunguliwi, hiyo picha ndiyo mtu mwenyewe. Na picha za mwanangu zilikuwa Elburgon, ndani ya nyumba yake, na nyumba yake ilikuwa majivu. Kitambulisho nacho kiliteketea humo.

Ilikuwa imebaki moja tu, ndani ya kamera ya mjukuu wangu. Alimpiga picha hiyo Krismasi ile ya kabla ya kura. Kioo cha kamera kilikuwa kimepasuka, hakionyeshi kitu, kwa hivyo picha ilibidi itolewe kwa kompyuta.

Huyu mjukuu, na sioni haya kujisifu, ndiye aliyekuwa akiandikia watu wa mtaa wetu kadi za harusi na programu za mazishi. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye kompyuta yake aliinunua mwenyewe, na ilipoingiwa na virusi hakumwita fundi. Aliifuta yote akaiwekea mfumo upya. Ikawaka vizuri, ikaandika vizuri. Lakini ukichomeka kitu kwenye yale matundu ya USB, haikijui. Kamera haiijui. Printa haiijui. Ilikuwa kama mtu aliyepandwa na malaria kichwani: anakula, anatembea, lakini watoto wake hawajui.

"Inataka driver, Shosho," akaniambia. "Ni maelezo ya kuiambia hii ni kamera, hii ni printa. Nilipofuta, hayo pia yalienda."

"Si uyarudishe."

"Yako kwa CD iliyokuja nayo. Na CD siioni."

Duka la Mhindi alikoinunua lilikuwa na kufuli, wenyewe wamekimbilia Nairobi. Asubuhi iliyofuata akatembea kwa miguu mpaka mjini, kamera akaiacha nyumbani kwa kuogopa kunyang'anywa njiani, akapata cyber iliyofungua mlango nusu, wakamwekea hizo driver kwenye flash. Alirudi anakimbia. Akaichomeka. Halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya ambacho sitaki kukisikia tena.

"Flash nayo inachomekwa kwa USB, Shosho. Haiioni. Nimeleta ufunguo na tundu la kuuingiza ndilo bovu."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa ameketi hapo mlangoni. Ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na shamba la kuzikia lilikuwa lake, huko Gilgil, kwa sababu Elburgon hakungeendeka.

"Shemeji," akasema, "hiyo televisheni yenu imekufa na haina hata mtu wa kuilia. Tumzike. Kesho mochari wanataka nafasi, wengine wanalala chini."

"Tumzike nani?" nikamuuliza. "Sanduku limefungwa, picha hakuna. Watu watajuaje si mbao tunazika?"

Nikatoka nje nisimtukane.

Nje kulikuwa na upepo, na kwenye vile vijiti vya sukuma kulikuwa na CD zimening'inia kwa uzi zinang'aa, zile za kufukuza ndege. Mwanangu ndiye aliyezitundika. Krismasi hiyo alikuwa akijaribu CD moja moja kwenye deki, na ile isiyotoa wimbo wala filamu anaitupa kando: "Hii imekufa. Hii nayo imekufa. Peleka kwa ndege." Nikasimama nazitazama. Nikaita mjukuu.

Tulizifungua zote. Nyingi zilikuwa za kwaya. Moja ilikuwa na maandishi madogo madogo, upande wa pili imekwaruzwa, na mavi ya ndege yamekauka juu.

"Ndiyo hii," akasema. Hakusema nani aliitundika. Nami sikusema.

Akaiosha kwa sabuni. Akapaka dawa ya meno, akaisugua na kipande cha fulana, kutoka katikati kwenda ukingoni. Nilipotaka kusaidia akanizuia: "Usizungushe, Shosho, utaimaliza." Mashine ikaimeza, ikanguruma, ikaitema. Akasugua tena. Ikanguruma, ikakubali. Kwenye kioo kulikuwa na orodha yenye alama za njano, na kila alama, akaniambia, ni kitu ambacho kompyuta haikijui. Zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine. Akaizima, akaiwasha. Akachomeka kamera, na ile mashine ikalia ting-tong, kama mtu amebisha hodi.

Picha ikaja.

Mwanangu anacheka. Meno yote nje, macho yamefumba nusu. Na kando yake, amemwekea mkono begani, ni yule rafiki yake waliyekuwa wakishika naye msumeno mmoja, huyu mbele huyu nyuma. Alikuja kula Krismasi kwangu. Ni mtu wa upande ule, kabila la waliofunga barabara. Tangu moto uanze hakuna aliyejua aliko.

Shemeji alisimama. Hakutazama uso wa mwanangu hata kidogo, alitazama ule mwingine.

"Huyo akatwe," akamwambia mjukuu wangu. "Si unaweza?"

"Naweza, babu. Lakini mkono uko begani kwa anko. Nikimkata yeye, mkono unabaki."

"Basi ufute na huo mkono. Upake rangi ya shati."

Mjukuu akanigeukia. Kidole kilikuwa juu ya mausi.

"Shemeji," nikasema, "huo mkono hautoki."

"Unajua kama si yeye aliyewaonyesha wauaji mtoto wako?"

"Sijui." Na mpaka leo sijui. Lakini mwanangu alikuwa anacheka kwa sababu ya jambo ambalo huyo mtu alikuwa amemwambia sikioni, na hicho ndicho kicheko cha pekee nilichobakiwa nacho.

"Watu watatema mate wakiona hiyo picha," akasema. "Na haiingii shambani kwangu. Utamzika wapi, mwanamke wewe? Barabarani?"

Mjukuu wangu alianza kulia, polepole, bila kuondoa mkono kwenye mausi. Nikamsogelea shemeji mpaka nikanusa tumbaku yake.

"Shemeji, huo mkono hautoki."