Kidonge cha Mifupa Siku ya Ijumaa

Niwaambie ukweli, jamani, aibu hii bado haijanitoka: watu wa mtaa mzima hapa Rahaleo walinisikia mimi, imamu wao, mtu mzima wa miaka sitini na minne, nikimlilia mama yangu kwenye spika za msikiti.

Yalianzia kwenye dirisha la dawa. Nilikuwa nimeteleza nikitawadha, mkono ukavunjika, mgongo nao ukawa unauma tu, na picha zilipotoka daktari akaniambia mifupa yangu imedhoofika, huenda ni kwa vile vidonge vya pumu nilivyomeza miaka na miaka, akaniandikia kidonge cha mara moja kwa wiki pamoja na vya kalsiamu. Sasa mimi nilishajiwekea kichwani kwamba huo ni ugonjwa wa wanawake (ujinga wangu, najua), na nyuma yangu kwenye foleni walikuwa kina mama wawili wa mtaani kwetu. Dada wa dawa akaanza, "Shehe, hiki cha mifupa kina masharti yake, unakimeza..." Nikamkata, "Nimeelewa, mwanangu," nikachukua bahasha nikaondoka. Sikuwa nimeelewa kitu.

Nyumbani mke wangu, Mama Salma, akauliza daktari kasemaje. Nikamjibu mkono utaunga, mgongo ni uchovu tu, bahasha nimeificha mfukoni. Binti yetu Salma alikuwa ametutumia kopo la virutubisho kutoka Dar es Salaam, basi nikaona nichanganye vyote, vikiwa vingi si ndiyo nitapona haraka.

Nikachagua Ijumaa ili nisisahau. Saa tano asubuhi, nimeshakula muhogo wa kuchemsha, nikakisukuma kile kidonge kwa mafunda mawili ya kahawa, nikafuatisha cha kalsiamu na kimoja cha kopo, nikajilaza kidogo nipumzishe mgongo kabla ya hotuba.

Kwenye mimbari nikahisi kama pilipili imenikwama kifuani. Nikadhani ni gesi, nikavumilia mpaka hotuba ikaisha. Kwenye swala nilipoinama kurukuu moto ukapanda, na niliposujudu ukanichoma hadi mgongoni, mdomo ukajisemea wenyewe, "Mama weee, nakufa!" Na maiki nimeibana kwenye kola ya kanzu! Msaidizi wangu, Maalim Bakari, akasogea mbele akamalizia swala, mimi nimejikunja pembeni natapika kwenye kilemba changu (afadhali kilemba kuliko zulia).

Mke wangu alinisikia akiwa jikoni. Watu wananipakia kwenye bajaji, wanaulizana kama ni moyo, nikamwona anakuja mbio, mikono imejaa unga, analia, "Baba Salma, usiniache!"

Kwenye kituo cha afya, Maalim Bakari akaikuta bahasha mfukoni mwangu, akampa muuguzi, naye akasoma kwa sauti chumba kizima kikisikia.

"Hizi ni dawa za mifupa. Shehe, ulimeza na nini?"

"Kahawa."

"Halafu?"

"Nikalala."

Akashusha pumzi. Kidonge kile, akasema, humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa hulali wala huli, na kalsiamu huwekewa saa yake. Mimi nilikuwa nimejichoma koo mwenyewe.

Nilingoja mke wangu acheke. Hakucheka. Akaniambia polepole, "Mwezi mzima hutaki hata nikuguse mgongo. Nilidhani umenichoka."

Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe. Ya msikitini ikawa ndogo.

Tuliporudi kwa daktari tulikwenda wote wawili. Akasema kidonge kisimame mpaka koo lipone, kisha tuchague: kukirudia kwa masharti yake, au sindano kila baada ya miezi sita isiyotaka kurukwa hata mara moja, au dripu ya mara moja kwa mwaka. Kopo la Salma akalisoma, akaona ni kalsiamu ile ile tunairudia mara mbili, akasema tuliache. Mama Salma aliuliza maswali mpaka nikaona haya kwa niaba ya daktari, figo je, pumu je, akisahau je, mwisho tukakubaliana sindano, na tarehe anazishika yeye.

Nimeapa: ugonjwa wowote utakaoingia mwilini mwangu, mke wangu ataujua kabla sijavua viatu.