Kompyuta Iliyopimwa kwa Mvua

Mtaa mzima ulimwita Mzee Mawingu, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Miaka yake yote ya kazi iliishia kwenye kituo cha hali ya hewa, akipima mvua, upepo na joto, na vipimajoto vyake vikikaa ndani ya kijumba cheupe cha mbao ili jua lisivipige. Alipostaafu alikabidhi funguo za kijumba, lakini macho hakuyakabidhi. Mpaka leo hutoka uani na kikombe cha chai, hutazama juu, kisha huwaambia majirani kama waanike nguo au waache. Mara nyingi hupatia. Akikosea, hujitia hamnazo mpaka jioni.

Mtu huyo ndiye aliyemwomba bintiye amuundie kompyuta. Binti ni fundi, na nyumba wanayoishi imejaa nyaya, bisibisi na feni zilizokufa zamani ambazo haruhusu mtu azitupe. Alidhani baba yake anataka kutazama mpira. Kumbe baba alitaka mashine ya kupiga hesabu ya mvua.

"Mvua ya wapi?" binti akauliza.

"Ya bondeni, kwa shangazi yako."

Binti hakuuliza tena, maana habari hiyo pale nyumbani hakuna asiyeijua. Shangazi, dada mkubwa wa Mzee Mawingu, anaishi chini kabisa, karibu na kijito ambacho wakati wa kiangazi hata kuku hukivuka bila kulowa. Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Alikuwa akienda kazini jioni na kurudi alfajiri kwa kupita kivuko cha mbao. Alfajiri moja mvua kubwa ilimwagika vilimani, kijito kikafura, na kivuko kikaenda na mtu wake. Siku zile kituo kikuu kilikuwa na kompyuta moja ya majaribio, kubwa kuliko kabati la nguo, iliyokuwa imeanza kufundishwa kutabiri mvua ya bonde mojamoja. Na kweli iliitabiri mvua ile, mahali pake na saa yake. Ila hesabu yenyewe iliichukua zaidi ya siku nzima, kwa hiyo karatasi ya utabiri ilimfikia Mzee Mawingu akiwa msibani.

Dada yake aliiona karatasi ile. Tangu hapo redio ikifika kwenye hali ya hewa, anaizima. Kila wakimbembeleza ahamie kwao msimu wa mvua, jibu lake ni lilelile: "Nihame kwa lipi? Karatasi zenu huja pamoja na waombolezaji." Na sasa msimu ulikuwa unabisha hodi, na kijito kilikuwa kimezila kingo zake mpaka karibu na ukuta wa jiko lake. Mdogo wake alikuwa na tumaini moja tu lililobaki. Kama ingepatikana mashine inayomaliza hesabu kabla ya mvua kufika, pengine mwanamke huyu angesikia. Isipopatikana, angekaa palepale mpaka maji yamfuate kitandani, maana kwa ubishi hana mpinzani.

Basi binti akaunda kompyuta. Prosesa, yaani kile kipande kinachopiga hesabu zote, alimwekea baba yake kiganjani kabla ya kuifunga. Ilikuwa bapa, ndogo kuliko biskuti.

"Na hii ndiyo yote?" Mzee akauliza.

"Ndiyo yote, Baba. Ndani mna vichwa vinane, kila kimoja na hesabu zake."

Mzee aliitazama, akaitazama tena. Aliikumbuka ile kubwa ya kituoni, iliyokuwa na chumba chake na mlinzi wake na ambayo hata mkurugenzi aliingia kwake akiwa amevua viatu. Akairudisha kwa mikono miwili.

Binti aliipima kama mafundi wote wanavyopima. Ipo programu inayoilazimisha prosesa kuchora picha ngumu, moja baada ya nyingine, kisha inaipa alama. Alama zikawa nyingi, binti akatabasamu. Baba yake wala.

"Mwanangu, mimi sikutaka mashine iliyofaulu mtihani wa kuchora. Ipe mvua."

"Mvua gani, na nje ni jua kali?"

"Ile."

Alikuwa ameshajiandaa. Wenzake wa zamani kituoni walikuwa wamempatia vipimo vyote vya jioni iliyotangulia alfajiri ile. Kazi yenyewe, ukieleza harakaharaka, ni rahisi kusema na inachosha kufikiria. Bonde na vilima vyake vinagawanywa viboksi, na viboksi vinapandishwa kimoja juu ya kingine mpaka kupita mawingu. Kila kiboksi kinaulizwa upepo wake unakwenda wapi, joto lake ni kiasi gani, unyevu wake je. Vikishajibu vyote, saa inasogezwa mbele sekunde chache, na vyote vinaulizwa upya, hivyohivyo mpaka kesho ifike. Mtu mwenye kalamu angezeeka kabla hajafika saa mbili usiku.

Jaribio la kwanza liliharibika, na aliyeliharibu ni Mzee mwenyewe. Walikuwa wamelianzisha Jumamosi asubuhi, binti akaenda kuoga. Mzee akaona kompyuta imekaa dirishani, inapigwa na jua. Miaka yote hiyo kituoni alifundishwa kwamba kipimo hakikai juani, basi akaibeba taratibu, nyaya zake zikimfuata nyuma, akaifungia kabatini. Mle hewa hamna. Prosesa ikachemka, na prosesa ikichemka hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mzee alipofungua mlango na kuhisi joto usoni, hakushtuka. Alikwenda kulowesha kitambaa cheupe chembamba, kama alivyokuwa akikivisha kipimajoto cha unyevu kila asubuhi, akarudi nacho kinadondosha maji.

Binti alimkuta ameshainua mkono.

"Baba, hicho kitambaa ni cha nini?"

"Cha kuivisha. Ina homa."

Binti alimnyang'anya kitambaa, kisha akakaa sakafuni kwa kicheko. Mzee alinuna, lakini hakununa sana. Wakaitoa kabatini, wakaiweka kivulini penye upepo, wakavua ubavu wa boksi lake na kuielekezea feni ya sebuleni.

Wakati huo Shangazi alikuwa ameshafika, kama afikavyo kila Jumamosi, kuwapikia na kuwasema. Aliambiwa wanapima kompyuta. Hakuambiwa wanaipima kwa mvua ipi. Akabandika maharage, akaipa sebule kisogo.

Jaribio la pili likaanza. Safari hii feni ndogo ya prosesa ililia sauti moja, haikupanda wala kushuka. Kwenye kioo ilionekana ramani ya bonde, na pembeni saa ya hesabu ikikimbia. Saa moja usiku ya siku ile. Saa mbili. Mzee aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Pale ambapo kompyuta ya kituoni ingekuwa bado inahangaika na machweo, hii ilishavuka usiku wa manane, na jikoni maharage yalikuwa bado yanagongana sufuriani.

Ndipo mvua ikatokea. Doa dogo juu ya vilima, kisha doa likanenepa, likashuka na mteremko, likatulia juu ya bonde. Palepale. Saa ileile. Mzee Mawingu aliwahi kuona radi ikipasua mti, na hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa sasa, tena ulikuwa woga wenye heshima ndani yake, wa mtu anayetaka kuvua kofia na hana kofia. Kipande kisichofika ukubwa wa biskuti kilikuwa kimeupita usiku mzima mbele yake, kiboksi kwa kiboksi, bila kusahau hata kilima kimoja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Binti naye alisogea karibu. Vitu hivi anavifungua na kuvifunga kila siku, na siku hiyo alikiangalia kile kipande kama mgeni.

"Hapo ni kwangu."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yao, mwiko mkononi.

"Ndiyo, dada," Mzee akasema. Hakuthubutu kugeuka.

"Na hapo ndipo kivuko."

"Ndipo."

Alisogea, akaliangalia lile doa na saa ya alfajiri pembeni, vilevile alivyoviona kwenye karatasi ile. "Hesabu mlizoipa ni za saa ngapi?"

"Za saa kumi jioni, siku iliyotangulia."

"Saa kumi alikuwa amelala," Shangazi akasema. "Nilimwamsha magharibi, akaoga, akala. Hii ingekuwa imemaliza saa ngapi?"

Binti ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Kabla hujamwamsha, Shangazi."

Hapo Mzee alitamani asingeanza jambo hili kabisa. Dada yake alikuwa ameuma mdomo. Halafu Shangazi akauweka mwiko mezani, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na kioo, yeye asiyeweza kuvumilia hata redio.

"Hiyo ya zamani iondoeni," akasema. "Iulizeni ya wiki hii."

"Tutaiuliza leo jioni, dada, vipimo vya leo vikishakuja."

"Nitangoja. Ikisema nihame, nitahama." Akajifuta macho kwa kiganja. "Ila safari hii isichelewe."