Mdomo Mmoja, Injini Hewani

Saa tatu asubuhi, Fundi Inchi Moja anahesabu vidole.

Anaanza na vyake: kumi. Mchomeleaji wa jirani, aliyekuja kuvuta mnyororo wa kuinulia injini, naye kumi. Mwenye gari, mwalimu mstaafu, ananyoosha mikono kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Mwandishi wa makala haya naye hakusalimika. Akifika kwa kaka yake mkubwa, fundi anapunguza sauti.

"Saba," anasema, kisha anajumlisha. "Arobaini na saba. Tukimaliza nataka hiyo hiyo."

Mbele yao kuna gari la buluu lenye umri wa miaka hamsini na minne. Boneti limeshatolewa na kuegemezwa ukutani juu ya blanketi. Leo injini inatoka. Ina kilo mia moja na hamsini hivi, na kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Ikidondoka, gari limekwisha.

Lakini kinachomnyima fundi raha asubuhi hii si injini.

Mama huyu wa miaka arobaini na tisa ameshatoa injini zaidi ya mia mbili. Jina la utani alilipata kwa sababu huinua inchi moja tu, akasimamisha kazi, akazunguka na tochi huku wateja wakitazama saa zao.

"Wananicheka," anasema. "Nawaambia, injini ikiwa chini ni chuma tu. Ikishakuwa juu ina tabia zake, na lazima uzijue mapema."

Sasa, kwa nini ahesabu vidole? Miaka sita iliyopita, kaka yake ndiye aliyekuwa ameshika injini ikipanda, na yeye akimwongoza mvuta mnyororo. Injini ikayumba. Mteja akapayuka, na mpita njia naye akaleta ujuzi wake.

"Watu watatu tulikuwa tunasema kwa pamoja," anakumbuka fundi. "Nikataka nisikike. Nikasema shusha. Nikasikika."

Vidole vitatu vya mkono wa kulia wa kaka yake vilibaki kati ya injini na chuma cha mbele cha gari. Alilazwa siku kumi na tisa.

Kuanzia hapo gereji hii ina sheria: injini ikiwa hewani, mdomo ni mmoja. Wengine wote kimya, hata mwenye gari. Na huo mdomo haujawahi kuwa wa fundi tena. Yeye hushika injini, na kuongoza humwachia mtu wa kukodi. Kaka naye alihamia mezani kusafisha kabureta, mgongo ameugeuzia mnyororo.

Leo mtu wa kukodi hakutokea. Kaka akaweka brashi chini, akasema, "Nitaongoza mimi."

Basi vidole vya dada viko chini ya neno la mtu aliyepoteza vyake kwa neno la dada. Namuuliza fundi: unaogopa?

"Naogopa sana," anajibu bila kuficha. "Siyo kwamba atalipiza kisasi. Naogopa akishtuka."

"Pandisha," anasema kaka. Mnyororo unalia, injini inaachana na mipira inayoikalisha. Inchi moja. "Simama."

Fundi anazunguka na tochi. Mabomba ya maji yametoka. Mpira wa petroli umezibwa. Giaboksi, inayobaki ndani ya gari, imekalishwa juu ya jeki na kipande cha mbao. Anarudisha mikono pande mbili za injini, anaitikia kwa kichwa.

"Pandisha."

Shubiri ya kwanza inakwenda vizuri. Ya pili, injini inalalia kushoto, upande ambao mkono wa fundi umeingia kati yake na bodi. Mwalimu, aliyezoea kusema miaka thelathini, anafungua mdomo kisha anauziba kwa kiganja chake mwenyewe.

"Simama," anasema kaka. Sauti haijapanda. "Toa mikono, mdogo wangu."

Anaitoa. Kaka anaitazama mikono yote miwili mpaka anaridhika. Ndipo anasema lile neno: "Shusha."

Injini inashuka taratibu na kutulia. Nyuma yake, chini ya grisi, kuna waya wa arthi, unene wa penseli, bado umefungwa kwenye bodi. Ndio ulioivuta.

"Mimi ndiye niliyeusahau," anasema fundi, akichukua spana.

"Mdharau mwiba, mguu huota tende," anasema mwalimu, aliyeruhusiwa kuongea sasa kwa kuwa injini iko chini.

Safari ya pili inapanda wima mpaka inavuka pua ya gari. Hapo naona jambo jingine: hawaisukumi injini, wanalisukuma gari kurudi nyuma. Fundi ananieleza baadaye kwamba kitu kinachoning'inia ukikisukuma kitakurudia. Kisha wanaishusha kwenye kitanda cha mbao alichokipima mwenyewe, kinachoibana mbavuni, maana bakuli la oili chini yake ni bati jembamba lisiloweza kubeba uzito. Wanakaza bolti, kaka anaitikisa kwa kiganja, na hapo tu mnyororo unalegezwa.

Vidole vinahesabiwa upya. Arobaini na saba.

Matengenezo yatachukua wiki tatu, kisha injini irudi garini. Fundi ana mpango tayari. "Sikodi mtu tena," ananiambia. "Kaka ndiye atakayeongoza, siku zote."

"Hapana," anasema kaka kutoka mezani. "Siku ya kuirudisha utaongoza wewe. Injini nitashika mimi."

Fundi anaanza kulia, waziwazi, anajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ina oili. Hakuna anayemharakisha.

"Na nikikosea tena, Kaka?"

"Ndiyo maana nataka uongoze wewe," anajibu, akiinua mkono wenye vidole viwili kuitafuta brashi yake. "Hakuna mwingine atakayekuwa makini na hivi vilivyobaki."