Mama Gaju Hakusindikizwa

Apolline alikuwa na ulimi mfupi na mkali. Mwenyewe alilijua hilo na hakuona la kuomba radhi. Alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2004 akitokea Uvira, Kongo, mtoto wake Gradi mgongoni, sufuria moja kichwani. Njiani, waliosimama kujadiliana wapite wapi walibaki huko. Yeye aliyesema "twende" alikwenda. Tangu hapo hakuona faida ya neno la pili ikiwa la kwanza linatosha.

Ulimi huo ndio uliompa kazi. Alikuwa ameokota Kinyankore, lugha ya wenyeji, sokoni Kabingo akiuza sombe, yaani kisamvu, na zahanati ya kambini ilitaka mtu wa kukaa kati ya wagonjwa Wakongomani na Musawo Kabanda, muuguzi aliyejua Kiswahili cha "kuja hapa" na "keti chini" tu. Mgonjwa angeanza na ndoto ya juzi, apitie kwa shemeji yake, ndipo afike kwenye mguu. Apolline angegeuka kwa Musawo na kusema: "Mguu. Wiki mbili." Musawo anaandika, foleni inasonga.

"Mama Gradi," wangelalamika, "mimi nimesema mingi, weye umesema kidogo. Ile ingine umeipeleka wapi?"

"Ile ingine haina dawa. Mwingine aingie!"

Benchi zima lingecheka, hata mwenye mguu.

Mwaka 2012 wafanyakazi wa zahanati walipelekwa Mbarara, kwenye ukumbi mmoja huko Kakoba, kwa semina ya siku moja kuhusu namna kila mtu anavyosema na wenzake kazini. Waligawiwa karatasi ya maswali, penye jibu linalokufanana unatia alama. Mwalimu alipoiangalia ya Apolline alitabasamu. "Mama, wewe ni mtu wa moja kwa moja. Ni vizuri kujijua. Lakini ukishajijua, mwangalie na huyo unayesema naye. Yeye anasemaje?" Apolline alisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilimkuta akihangaika na kizibo cha soda. Karatasi aliibandika ukutani juu ya kitanda, kama cheti.

Jirani yake alikuwa Mukakalisa, mjane wa Kinyamulenge aliyetoka milimani Minembwe, mwenye ng'ombe wachache na binti mmoja, Gaju. Kwa hiyo watu walimwita Mama Gaju. Huyo salamu zake zilitosha chai kuchemka. Angeuliza habari zako, za Gradi, za mihogo, za mvua. Kwao jambo zito halisemwi mtu ameketi anakukodolea macho. Mgeni anakunywa, anaaga, mwenyeji anainuka kumsindikiza, na huko njiani, wakitembea bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele, ndipo linatoka lile lililomleta. Apolline aliijua desturi hiyo. Hata Uvira watu walisindikizana. Aliiona tu kuwa mambo ya watu wasio na kazi.

Mwezi wa nane mwaka 2013, Mama Gaju alikuja na maziwa katika kidumu.

"Mama Gradi, mulilala salama?"

"Salama. Sema shida, Mama Gaju, niko na kazi."

"Hapana shida. Nimeleta tu maziwa."

Akakaa, akasifu mihogo, akaaga. Mlangoni alisimama kidogo. "Basi nirudi."

"Rudi, Mama Gaju. Njia unaijua."

Wiki mbili baadaye akaja tena. Safari hii aliuliza kama Mbarara ni mbali.

"Boda mpaka Kabingo, halafu taksi. Unaenda kutafuta bwana?"

"Mimi na haya meno?" Walicheka wote wawili mpaka Apolline akajifuta machozi. Kisha mgeni akainuka, akasimama tena pale mlangoni, akirekebisha kitenge ambacho kilikuwa kimekaa sawa. Apolline alikuwa ameshageukia sufuria zake.

Mara ya tatu alimkuta akifua uani. Jua lilikuwa kali, na Mama Gaju amejifunga kitenge cha pili kifuani. Apolline hakuinua kichwa. Alisikia salamu, akaijibu, akasikia nyayo zikiondoka.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, Gaju alifika zahanati akihema: mama ameanguka bombani. Walimleta. Musawo Kabanda alifungua vitambaa alivyojifunga mgonjwa, kimoja baada ya kingine, na alipofika kwenye titi la kushoto akavuta karatasi ya rufaa. Hapakuwa na la kutafsiri. Kidonda kilijisemea chenyewe.

Walimpeleka hospitali Mbarara, Apolline naye akaenda kama mkalimani. Daktari alimpima kwa muda mrefu.

"Muulize, alianza kuona uvimbe lini?"

"Mwezi wa nane," alijibu Mama Gaju.

"Na mbona hakumwambia mtu?"

Apolline alilitafsiri swali hilo. Mama Gaju alimtazama bila hasira.

"Nilikuja kwako mara tatu," alisema.

Daktari alikuwa anangoja, kalamu mkononi. "Amesemaje?"

"Aliogopa," alisema Apolline. Lilikuwa neno moja, kama kawaida yake, na lilikuwa uongo.

Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Wangempa dawa za maumivu, basi.

Siku ya tatu Apolline alivuta kiti hadi kitandani, akainama. "Mama Gaju, ulitaka kuniambia nini siku zile? Sema sasa, niko hapa."

"Hapana kitu. Mihogo inaendelea?"

Apolline aliona kabisa neno likija mpaka midomoni na kurudi ndani, kama kuku aliyefukuzwa mlangoni. Ndipo ile nusu ya pili ya maneno ya mwalimu ikamfikia, mwaka mzima na zaidi baada ya soda kuisha. Yeye anasemaje?

Akainuka. Akachukua mkoba wake, akaaga, akaanza kwenda taratibu, uso kwenye mlango. Alipofika kitanda cha tatu alisikia:

"Mama Gradi."

Alisimama. Hakugeuka.

"Siwezi kukusindikiza. Miguu haina nguvu."

"Nasikia, Mama Gaju."

"Siku zile nilitaka tu unipeleke hospitali. Si umenileta?" Akapumzika, pumzi ikikwaruza. "Gaju hajui. Alipokuja juzi nilianza na ng'ombe, nikaenda kwa mvua, nikafika karibu, nikarudi. Umuambie weye. Weye unajua kusema neno likaisha."

"Nitamuambia."

"Lakini umutembeze kwanza."

Apolline alitoka bila kugeuka. Mama Gaju hakuhitaji kuuona uso wake wakati ule.

Nakivale alimkuta Gaju akifunga ndama. "Mama anaendelea?" binti aliuliza. Maneno matatu yalikuwa tayari mdomoni, yale yale mafupi ya zahanati. Apolline aliyameza.

"Vaa viatu unisindikize."

Walishika njia ya ziwani. Apolline alitafuta la kusema, akagundua kuwa mwanamke aliyewanyamazisha watu miaka yote hana hata hadithi ya kujaza mita mia. Akajaribu ng'ombe.

"Ule mwenye pembe moja mnamkamua asubuhi?"

"Tantine! Ule ni dume."

Gaju alicheka, na Apolline, shangazi wa ujirani, akacheka naye. Wakaongea mvua. Wakaongea mihogo. Hatua za binti zikaanza kupungua, na kicheko kikamwisha polepole.

"Tantine, weye hutakaka kusindikizwa," alisema akitazama mbele. "Tangu nikujue. Mama amekutuma nini?"

Apolline naye alitazama mbele, kule ng'ombe wa watu walikokuwa wakishuka kunywa maji.

"Mama yako anakufa, Gaju."

Neno liliisha, ila yeye hakuondoka. Aliendelea kutembea naye mpaka majini, wakarudi, wakapita mlango wa Apolline bila kuingia, wakaenda tena. Binti alilia akitembea. Apolline hakumwambia anyamaze.

Kesho yake asubuhi walipanda boda hadi Kabingo, wakafika Mbarara kabla ya saa sita. Mama Gaju alipouona uso wa binti yake, hakuanza na mvua. Alisogea ukutani amwachie nafasi kitandani. Zilikuwa zimebaki siku tano.