Kitambaa Cheupe cha Temeke

Mume wangu alikuwa fundi wa nyaya za umeme, na asije mtu kuniambia kuwa kazi ile ilikuwa ya heshima. Heshima walikuwa nayo waliokaa ofisini. Yeye alipanda nguzo. Glavu za mpira zilikuwa jozi moja kwa watu sita, na ya kulia ilikuwa imetoboka. Kinga yao hasa ilikuwa kitambaa. Msimamizi akishakata umeme kwenye swichi, mbali huko ambako sauti haifiki, aliinua kitambaa cheupe juu ya mwanzi. Aliye kwenye nguzo akikiona, ndipo ashike waya. Mume wangu alinieleza hayo mwenyewe, nami nikamtania kuwa roho yake imeshikwa na kipande cha kitambaa cha marekani.

Alhamisi moja nilifua kanzu yake ya Ijumaa. Mbuzi wa jirani walikuwa wakitafuna nguo zikianikwa chini. Wiki ile walikuwa wameshanilia pindo la kanga mpya. Basi nikachukua mwanzi mrefu, nikaupitisha kwenye mikono ya kanzu, nikausimika uani. Ikapepea juu ya paa. Nilijiona mjanja kweli. Sikujua kwamba asubuhi hiyo genge lao lilikuwa limehamishiwa upande wetu wa Temeke.

Nilikuwa napepeta mchele niliposikia mayowe. Nilimkuta amelala chini ya nguzo, mkono wa kulia mweusi mpaka kwenye kiwiko. Wenzake walikuwa wakimfukia kwa mchanga, wakiamini ardhi itavuta umeme uliobaki mwilini. Nikageuka kutazama nyumbani, nikaiona kanzu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilijaribu kuyazoa: nilimwacha mume wangu pale mchangani, nikakimbia kwenda kuishusha.

Hospitali waliukata mkono. Alipopata nafuu, akaitwa ofisini kuhojiwa, nami nikakaa kwenye benchi karibu na mlango. Mzungu, mkuu wao wa kazi, aliuliza, karani akatafsiri: nani alikuambia ushike waya?

"Niliona kitambaa, bwana."

Msimamizi akaapa kwamba hakuinua chochote, na umeme alikuwa hajaukata. Alisema kweli. Wakaandika kuwa ni uzembe wa fundi mwenyewe, hana haki ya fidia wala kazi. Maneno yalinijaa kinywani nikayameza. Niliogopa talaka. Niliogopa kunyooshewa kidole kisimani, na Mungu anisamehe, niliogopa zaidi jinsi yeye angenitazama.

Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Mama watoto, wewe siku ile ulikuwapo. Hukuona kitu cheupe kule juu?"

"Mie sikuona kitu."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Angenipiga, angenifukuza, ningelia nikapona. Badala yake aliniamini mimi, akayakana macho yake. Wageni waliokuja kumpa pole aliwaambia kwa upole kwamba kosa ni lake, aliona kisichokuwapo, na wao wakatikisa vichwa huku mimi nikiwamiminia chai.

Tangu hapo hakuthubutu kuamini alichokiona. Mpaka anakufa, tukifika barabara kuu alisimama, akaniwekea mkono wake wa kushoto begani, akaniuliza kama kuna gari. Barabara ilikuwa tupu na alikuwa anaiona, lakini hakuvuka mpaka niseme.